Geto linakutia aibu? Shika mkasi, achana na kausha damu!

Leo tuingie chumbani. Tulia wewe, si chumbani kwa maana hiyo unayoiwaza, hayo yana ukurasa wake. Nazungumzia chumba chako cha kupanga, hicho ambacho mgeni akisema anakuja unamwambia mkutane stendi.

Tuseme ukweli. Kijana wa mjini akishalipa kodi ya miezi sita kwa mpigo, mfukoni hubaki nauli na vumbi. Hapo ukapa unapiga hodi. Kitanda umepata, godoro umepata, taa inawaka, lakini ukuta umekaa mtupu kama uso wa mtu aliyenyimwa salamu. Ukiangalia duka la mapambo, pazia la mlango lina bei yake, picha za fremu zina bei yake, hata maua ya plastiki yasiyonukia nayo yanataka hela. Ndipo anapotokea mtu wa kukunong'oneza: "Kuna jamaa anakopesha, haraka tu, kitambulisho chako na simu."

Hii ndo mikopo ambayo mitaani tumeibatiza kausha damu, na jina halikukosewa.

Kwenye nyumba tunayopanga huku Mwananyamala, kuna dada wa chumba cha mwisho alichukua hela za namna hiyo kwa ajili ya shughuli. Akakosa rejesho siku kadhaa. Walikuja asubuhi watu watatu, wakabeba jiko la gesi na mtungi wake, wakabeba na feni. Sisi wapangaji wenzake tumesimama uani na miswaki mdomoni, hakuna la kusema, karatasi alisaini mwenyewe. Kwa hiyo mshkaji wangu wa chumba cha tatu, fundi simu pale Kariakoo, aliponiambia Jumanne kwamba anataka kuchukua laki mbili kwa watu wale wale, nilimwuliza kama amesahau lile jiko.

Hakusahau. Ila bimkubwa wake alikuwa anakuja kutoka Newala, afike Jumamosi. Miaka mitatu mshkaji anamwambia kwenye simu, "Mama, mimi huku niko vizuri." Sasa mama anakuja kuyaona hayo mavizuri kwa macho yake. Mlangoni hamna pazia, ukutani hamna kitu, na dirisha limezibwa na boksi la televisheni ambayo yenyewe aliiuza zamani.

"Nikichukua laki mbili nanunua pazia, picha mbili tatu, na maua," akasema.

Nikamwambia, "Kaka, nipe elfu kumi na jioni zako nne."

Mimi dada yangu anafundisha chekechea. Zile zana zote unazoziona zimening'inia kwenye madarasa ya watoto, maua, nyota, herufi, walimu hutengeneza kwa mkono, na miaka mingi mkataji wa manila zake nilikuwa mimi. Najua karatasi inataka nini.

Mshkaji akacheka. Eti mambo ya chekechea hayo. Na wewe msomaji najua umeshaanza kucheka, kwa hiyo nikupe habari ya mzee mmoja. Kuna mchoraji wa Ufaransa aliyeitwa Henri Matisse, mtu mwenye jina kubwa dunia nzima. Mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji mzito, na baada ya hapo kusimama mbele ya picha muda mrefu kukawa kazi. Akafanya nini? Wasaidizi wake walikuwa wanapaka karatasi rangi, yeye anakaa kwenye kiti cha magurudumu au kitandani anazikata kwa mkasi, majani, nyota, watu wanaoruka, kisha zinabandikwa ukutani. Mwaka 1947 kikatoka kitabu chake cha picha za aina hiyo kinaitwa Jazz. Alifariki mwaka 1954, na leo hizo karatasi zake zimetundikwa kwenye majumba ya sanaa, watu wanalipa kiingilio kuziona. Sasa wewe nani uone aibu kushika mkasi?

Haya, tuanze na mali ghafi. Usikimbilie dukani. Kalenda ya mwaka jana iliyopo nyuma ya mlango ni dhahabu, maana karatasi yake ni nzito, inang'aa, na rangi zake hazichuji ovyo. Magazeti unayo. Mifuko ya kaki unayo pia, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, kila ukinunua kitu unapewa kaki, na wengi wanaitupa. Cha kununua ni karatasi chache za rangi saizi ya A4, steshenari watakuuzia hata moja moja, pamoja na uzi wa nailoni ule wa mafundi viatu. Mkasi azima kwa jirani anayeshona, ila umwambie mapema kwamba ni wa karatasi, maana fundi cherehani ukimkatia karatasi kwa mkasi wake wa kitambaa mtagombana mpaka Krismasi.

Gundi pika mwenyewe. Chukua vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano, koroga na maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, ongeza kikombe kimoja cha maji, weka kwenye moto mdogo huku unakoroga bila kuacha. Ikianza kuwa nzito na kung'aa kama uji wa mgonjwa, ipua. Pika ya siku hiyo tu. Ya kulala inachacha, na mende wanaipenda kuliko wewe unavyopenda chipsi mayai. Paka nyembamba, iache ikauke kabisa kabla ya kutundika chochote.

Pambo la kwanza ni duara la marinda. Ukilitundika ukutani linaonekana kama ua kubwa au jua. Chukua karatasi ya A4, ikunje marinda kama ya sketi ya shule, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kila rinda upana wa sentimita moja hivi, marinda yafuate upande mfupi wa karatasi. Ukimaliza una kijiti kirefu cha sentimita 21. Kifunge uzi katikati, kisha kunja kila upande kuelekea mwenzie, gundisha kingo zinazokutana, nayo itafunguka kama feni.

Wengi wanakwama hapa. Wanatumia karatasi moja, wanavuta, wanavuta, duara halifungi, wanakasirika wanatupa. Hesabu ni ya form two tu. Kile kijiti kimefungwa katikati, kwa hiyo kutoka kitovu mpaka ukingoni ni sentimita 10.5, na duara la namna hiyo lina mzingo wa sentimita 66. Karatasi moja ukijumlisha pande zake mbili inakupa sentimita 59 na kitu. Haifiki! Hata ukiivuta mpaka marinda yaishe, haifiki. Karatasi mbili zinakupa karibu 119, kwa hiyo duara linafunga na marinda yanabaki yamesimama vizuri. Ni mbili kwa kila duara, usibishane. Katikati bandika mduara mdogo wa kaki kuficha uzi. Tengeneza matano ya rangi mbili au tatu, si kila rangi iliyopo dukani. Chumba si basi la daladala.

Maua nayo ni ya haraka. Kata mduara wa kaki upana wa kama sentimita 15, kisha ukate kwa kuzunguka kutoka ukingoni kwenda katikati, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Utapata utepe uliojiviringa. Anza kuukunja kutoka ncha ya nje, kaza mwanzoni, legeza unavyokaribia mwisho, kile kipande cha katikati kilichobaki kipake gundi ndo kiwe kitako. Hilo ni waridi. Chomeka njiti ya fagio la chelewa, weka matano kwenye chupa ya soda. Kaki ina rangi ya udongo ambayo inakaa kistaarabu, haikupigii kelele machoni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, pazia la mlango. Hapa ndipo laki mbili za mshkaji zilipookolewa, kwa hiyo vuta kiti.

Pazia hili ni la shanga za karatasi. Ukitaka kujua shanga hizi zinaweza kumfikisha mtu wapi, uliza Kampala. Kule Kireka kuna mtaa unaitwa Acholi Quarter, wakazi wake wengi walitoka kaskazini mwa Uganda wakikimbia vita ya Joseph Kony. Akina mama wa pale walikuwa wanaponda kokoto kwenye machimbo kwa nyundo, jua lote lao. Wengi wakaingia kwenye kuviringisha shanga kwa karatasi za magazeti ya rangi na mabango, na mwaka 2004 likaanzishwa shirika la BeadforLife la kutafutia shanga zao soko nje. Mikufu iliyotoka kwenye vyumba vile imevaliwa Marekani. Sikwambii uache kazi yako, nakwambia usiidharau karatasi.

Shanga moja inatoka kwenye pembetatu ndefu. Chukua ukurasa wa kalenda, tuseme una sentimita 30 kwa 40. Kwenye upande mmoja wa sentimita 40 weka alama kila baada ya sentimita 2. Upande wa pili anza na sentimita 1, halafu ndo uendelee kila baada ya 2. Unganisha alama kwa rula, zigizaga, mpaka mwisho. Ukikata unapata pembetatu 39 zenye kitako cha sentimita 2 na urefu wa 30, na vipande viwili nusu vya kutupa. Chukua njiti ya chelewa, anza kuviringisha kutoka upande wa kitako, kaza, hakikisha ncha inabaki katikati, paka gundi sentimita chache za mwisho, malizia. Chomoa njiti. Umepata shanga iliyonenepa katikati, ina rangi ya milima au ya twiga au ya meneja wa benki, kutegemea kalenda ilikuwa ya nani.

Mlango wa kawaida wa upana wa sentimita 80 unataka nyuzi 20, ukiziachia nafasi ya sentimita 4. Kila uzi uwe na urefu wa sentimita 180 ili pazia lisifagie chini. Ukijaza shanga tupu, uzi mmoja utakula shanga 90, jumla 1,800, utazeeka hapo hapo. Kwa hiyo katikati ya shanga na shanga weka kijiti cha gazeti. Kata gazeti sentimita 8 kwa 10, viringisha kwenye penseli upate mrija wenye urefu wa 8, gundisha. Kijiti na shanga yake ni sentimita 10, kwa hiyo uzi unachukua 18 na 18. Pazia zima ni shanga 360 na vijiti 360. Kurasa kumi za kalenda zinatosha na chenji inabaki. Mkono ukizoea, shanga moja ni kama dakika moja, vijiti ni vyepesi zaidi. Watu wawili mkiwa na redio na karanga, ni jioni nne au tano za maana. Kabla ya kutunga, zipake vanishi mara mbili. Fundi seremala wa mtaani hakosi kopo lenye mabaki, mwombe vizuri. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, karatasi isiyopakwa kitu inalegea kama mkate uliochovywa chai.

Sisi tulianza Jumanne usiku ule ule. Maduara matano yakaisha Jumatano, maua yakafuata, dirisha likatolewa boksi likawekwa karatasi ya kaki iliyokatwa vitundu vya nyota, mwanga wa asubuhi ukipita unachora nukta kwenye godoro. Lakini pazia, ndugu yangu, mpaka Jumamosi saa sita mchana tulikuwa na nyuzi 11. Tisa bado. Mshkaji jasho linamtoka, anasema bora tulishushe lote. Nikamwambia liache. Akaenda Mbagala kumpokea mama.

Mama akafika, mtu mzima, kikapu kichwani, kuku mmoja mkononi. Alisimama mlangoni kabla ya kuingia. Akashika uzi mmoja, akaushusha na vidole shanga kwa shanga mpaka chini, kama mtu anayehesabu.

"Nani katunga?"

Mshkaji akasema, "Mimi, mama. Na mwenzangu huyu."

Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba huku macho yako kwenye uzi. Halafu akasema kitu ambacho dada yangu na chekechea yake hajawahi kunifundisha: "Hamjapiga fundo. Uzi ukikatika, zote zinamwagika."

Kumbe bimkubwa ni msukaji wa mikeka, ukili umepita mikononi mwake tangu ni msichana. Hakupumzika. Alikunywa maji, akaomba mkeka, akakaa uani na zile shanga zilizobaki. Kila baada ya kijiti na shanga anapiga fundo dogo, anakaza kwa jino, anaendelea. Mama wa chumba cha pili akatoka na kigoda chake, na yule dada aliyebebewa jiko nae akaja kukaa, wakaletewa chai. Mpaka magharibi nyuzi tisa zilikuwa zimeisha, na zilikuwa nzuri kuliko kumi na moja zetu. Jumapili akazifumua na zile zetu, akazirudia zote.

Hakuuliza habari za televisheni. Aliuliza kitu kimoja, usiku wakati wanakula, na mshkaji ndiye aliyenisimulia kesho yake: "Unadaiwa?" Akamjibu, hapana mama, sidaiwi na mtu. Mama akaendelea kula.

Sasa wewe fuata njia ya bimkubwa, fundo kila baada ya shanga. Uzi ukikatika unapoteza kipande tu. Nyuzi zote zifunge kwenye mti wa fagio la zamani, upitishe juu ya fremu ya mlango.

Kuhusu kutundika, najua kilio chako. Baba mwenye nyumba hataki kusikia mlio wa nyundo, na seloteipu kwenye ukuta wa chokaa inadondoka na unga wake kabla hujafika kitandani. Angalia misumari ambayo tayari ipo. Kila chumba cha Dar kina misumari ya chandarua, minne, kwenye kona. Pitisha uzi kutoka msumari mpaka msumari, ukutani, tundika maduara hapo kwa urefu tofauti, moja juu, jingine chini kidogo, yasipange foleni kama wanafunzi mstarini. Nondo za dirisha nazo ni za bure. Siku ukihama unafungua uzi unaondoka na mapambo yako, ukuta unabaki kama ulivyoukuta, na mwenye nyumba hana cha kukukata.

La mwisho silifanyii mzaha. Karatasi ni kuni. Kama unapika ndani ya chumba hicho hicho, na wengi wetu tunapika, pazia la karatasi weka tu kama jiko liko mbali na mlango. Kama jiko linakaa mlangoni, pazia hili halikufai, tengeneza maduara na maua uishie hapo. Vanishi yenyewe inashika moto haraka, ipake nje, mchana, pasipo na jiko wala sigara. Umeme ukikatika na ukawasha mshumaa, uweke kwenye sahani, upande usio na karatasi hata moja, na usilale unawaka. Taa nayo iangalie. Zile za kizamani zenye waya ndani huchemka kiasi cha kuunguza kidole, usizizungushie karatasi kabisa. Hizi za LED hazina joto kama lile, lakini hata hapo acha nafasi.

Vumbi likijaa kwenye marinda usifute kwa kitambaa kibichi, tumia unyoya wa kuku au brashi kavu ya rangi. Shanga zilizopakwa vanishi zinapanguswa tu.

Vijiti vya gazeti je, utapata wapi? Unavyo mkononi. Karatasi moja ya gazeti la saizi hii inatoa vijiti 12 ukipanga vizuri, kwa hiyo karatasi 30 zinamaliza pazia. Anza na kurasa za matangazo, halafu mpira. Mimi nikate mwisho.